Maneno Niliyoyaruka

Julai ya 2010 nilikuwa navuka feri ya Likoni kila asubuhi na begi la vijitabu begani. Vilikuwa vijitabu vya Katiba Inayopendekezwa ya Kenya, nami nilikuwa mmoja wa vijana waliotumwa mitaani na vijijini kuisoma mbele ya watu na kujibu maswali kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti. Malipo yalikuwa nauli na sahani ya wali. Tulionywa tusimshawishi mtu apige kijani, yaani ndiyo, wala nyekundu, yaani la. Muda umepita, nitasema ukweli: aliyenisikiliza kwa dakika tano hakuwa na haja ya kuniuliza rangi yangu.

Siku moja Ng'ombeni, upande wa Kwale, tulikaa chini ya mwembe, watu kama thelathini hivi, wengine juu ya mikeka, wengine wamesimama na baiskeli zao tayari kwa kuondoka nikichosha. Wa kwanza kuuliza alikuwa mama aliyekuja na beseni la mahamri, kitambaa juu. "Hiyo theluthi ya wanawake Bungeni mnayoisema, inaanza lini?" Nikamwambia, uchaguzi ujao, mama, imeandikwa. Akaniangalia. "Hata wanaume wakikataa?" Hata wakikataa, nikasema, na watu wakacheka.

Halafu akainuka maalim wa madrasa ya pale, mtu wa sauti ya chini. Alitaka kujua jambo moja tu: mirathi yetu itabaki kwa Kadhi vile ilivyo? Halikuwa swali la mzaha. Makanisa mengi yalikuwa yakiipinga katiba kwa sababu ya mahakama za Kadhi, na mwezi Mei majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wamezikosoa mahakama hizo zilivyokuwa katika katiba ya zamani. Nakala yangu ilikuwa ya Kiingereza. Nikafungua ibara ya 24, fungu la 4, nikamfasiria papo hapo: masharti ya usawa hayataizuia sheria ya Kiislamu mbele ya mahakama za Kadhi, kwa Waislamu, katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Akasema alhamdulillahi, akakaa. Nadhani kura yake niliipata pale pale.

Majibu yangu yote mawili yamekuja kuwa ya uongo, na mahakama iliyoyageuza ni moja. Ndiyo maana watu wakianza kubishana juu ya nia ya asili ya katiba, kama isomwe vile ilivyokusudiwa 2010 au vile mambo yalivyo leo, siwezi kukaa pembeni kama mtazamaji wa mpira. Sikuandika hata koma moja ya katiba ile. Lakini kama nia ya asili ni kile wananchi walichoelewa walipoipigia kura, basi kipande kimoja kidogo cha nia hiyo kilitoka kinywani mwangu, chini ya mwembe, na kilikuwa na kasoro.

Wamarekani wanabishana hivi juu ya katiba ya 1787, na wao wana udhuru mmoja: wote walioiandika walikufa zamani, kwa hiyo kila mtu anaweza kuwasemea. Yetu ina miaka michache tu. Waandishi wake wengi wako hai, wana simu, wanaalikwa kwenye televisheni asubuhi. Ungetegemea kwamba ubishi ungeisha kwa kuwauliza tu. Nzamba Kitonga, aliyeiongoza Kamati ya Wataalamu iliyoiandaa rasimu, alifariki 2020, lakini wenzake wapo. Basi waulize. Katika kesi ya BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kuibadilisha katiba, Ekuru Aukot, aliyekuwa mkurugenzi wa kamati ile, alikuwa upande wa waliopinga mabadiliko. Otiende Amollo, aliyekuwa mjumbe wa kamati ile ile, alikuwa upande ulioyatetea. Walikaa chumba kimoja, wakala chakula kimoja, wakaandika kitabu kimoja, na kila mmoja alitoka na nia yake.

Na hao ni wataalamu tu. Kabla yao kulikuwa na tume ya Profesa Yash Pal Ghai iliyozunguka nchi nzima kukusanya maoni. Kukawa na mkutano wa katiba wa Bomas, Nairobi, wajumbe 629, kelele, mabango, na mauaji pia: Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, alipigwa risasi nyumbani kwake Septemba 2003. Ukisoma sura ya ugatuzi leo na ukataka kujua iliandikwa kwa kusudi gani, mmoja wa watu wa kwanza wa kuulizwa yuko kaburini kwa sababu, wengi wanaamini, ya kusudi hilo hilo. Ikaja rasimu ya Mwanasheria Mkuu Amos Wako, tukaikataa Novemba 2005, chungwa la "la" likaishinda ndizi ya "ndiyo". Tukapigana 2007, watu zaidi ya elfu moja wakafa. Ndipo Kitonga na wenzake, na rasimu yao yenye rais na waziri mkuu, na wabunge waliojifungia Naivasha Januari 2010 wakatoka na rais peke yake. Halafu Bunge likapitisha bila kubadilisha chochote, na wananchi zaidi ya milioni sita wakasema ndiyo.

Nia ya nani, basi? Wa Bomas walitaka waziri mkuu, na wa Naivasha wakamfuta. Ukisema "waanzilishi walikusudia", mimi nakuuliza ni wa hoteli gani.

Mimi si wakili. Kazi yangu inayonipa unga ni kufasiri nyaraka: vyeti, mikataba, barua za mahakama, mara nyingine maelezo ya dawa. Na hapa lugha yetu ina utani wake, kwa sababu neno ni hilo hilo. Jaji hufasiri katiba. Mimi nafasiri mkataba wa kupanga nyumba. Maalim wa Ng'ombeni hufasiri Kur'ani baada ya Isha. Wote watatu tumebeba maneno ya mtu asiyekuwepo chumbani, na wote tunajua dhambi kubwa ya kazi ni zipi mbili: kuongeza neno na kuruka neno.

Katiba yenyewe ilijua kwamba sisi watu wa Kiswahili tutakuwa na shida. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vizuri. Halafu nenda karibu na mwisho, ibara ya 259, utakuta kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Mamilioni walioelezwa ile katiba kwa Kiswahili, Kigiryama, Kikamba au Kisomali waliipigia kura kwa lugha ambayo kisheria haihesabiki ubishi ukizuka. Sisemi hili kwa uchungu tu. Ni jambo zito kwa yeyote anayetaka kuitafuta nia ya wapiga kura: wengi wao hawakuyasikia maneno yale, waliwasikia watu kama mimi.

Chukua uchaguzi wa 2013. Katiba inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Je, karatasi iliyokataliwa, iliyowekwa alama mbili au kuingizwa sanduku la gavana, ni kura iliyopigwa? Zilikuwa zaidi ya laki moja, na mshindi alikuwa amevuka nusu kwa unywele. Mahakama ya Juu ikasema Machi 30 kwamba kura iliyokataliwa si kura, haihesabiwi. Huenda ilikuwa sawa, mimi sigombani na matokeo. Ila nilipoisikia nilimuuliza muuza mayai wa mtaani kwetu kama yai viza ni yai. Akanijibu, "Ni yai, lakini silihesabu kwenye trei." Kaisema hukumu nzima kwa sentensi moja, na ukimsikiliza vizuri utaona amekubaliana na pande zote mbili.

Sasa nirudi kwa mama wa mahamri, maana yeye ndiye aliyeanza kunifunza.

Katiba ina ibara mbili zinazosema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, ya 27 na ya 81. Kwa mabunge ya kaunti ikatoa na dawa: idadi isipotimia, viti vya nyongeza vitajazwa. Kwa Bunge la Taifa haikutoa dawa yoyote. Uchaguzi ulipokaribia, Mwanasheria Mkuu akaenda kuuliza Mahakama ya Juu, na Desemba 2012 majaji wengi wakajibu kwamba hilo ni jambo la kutimizwa hatua kwa hatua, Bunge litunge sheria kufikia Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga akakataa, peke yake. Hoja yake ilipita kwenye historia: miaka na miaka wanawake wa nchi hii wamepigania nafasi, na katiba ilikuja kuumaliza ucheleweshaji, si kuupa tarehe mpya.

Uchaguzi ulifanyika. Katika majimbo 290, wanawake 16 walishinda. Mwaka 2015 ukapita bila sheria, muda ukaongezwa, ukapita tena. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais amshauri avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, kama katiba inavyoelekeza, na Bunge halikuvunjwa. "Hata wanaume wakikataa," nilisema. Walikataa na hakuna kilichotokea.

Nilikasirika sana mwaka ule wa 2012. Nilikuwa nikisema kila mahali: tuliwaambia watu ni mara moja, walipiga kura wakijua ni mara moja, mahakama haina ruhusa kuja na "hatua kwa hatua" ambayo hakuna aliyeiona. Kwa maneno mengine, nilikuwa mtu wa nia ya asili kwa moyo wangu wote. Sikujua kwamba jina la ugonjwa wangu ni hilo.

Ikaja Februari 2023. Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba watu wa mapenzi ya jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao, na kwamba kuwanyima kwa sababu hiyo ni ubaguzi. Mjadala ulisimama kwenye neno moja la Kiingereza, "sex", katika orodha ya sababu ambazo dola haiwezi kuzitumia kumbagua mtu. Kwa Kiswahili cha kila siku hata usingeweza kubishana hivyo vizuri, maana jinsia tunaitumia kwa kila kitu, ile ya mwili na ile ya kijamii. Mmoja wa majaji watatu waliokubali alikuwa Njoki Ndung'u. Huyu alikuwa mjumbe wa Kamati ya Wataalamu. Alikuwepo. Kama kuna mtu katika nchi hii mwenye haki ya kusema "mimi najua tulichokusudia", na awe amevaa joho la jaji wakati anasema, ni yeye.

Na alikuwa upande ulioshinda.

Nitakiri jambo. Chini ya mwembe sikuulizwa swali hilo. Ningeulizwa, ningejibu bila kupepesa kwamba neno lile ni mume na mke tu, na watu wangeridhika, nami ningeondoka nikiamini nimesema kweli. Kwa kipimo changu cha 2012, waliopinga ndio waliokuwa sahihi. Lakini nilipoifungua ibara yenyewe, nikakuta orodha inaanza kwa kusema dola haitambagua mtu kwa sababu yoyote, ikiwemo hizi zifuatazo. Sababu yoyote. Na ile ibara ya 259, kana kwamba ilijua nitakuja, inaeleza kwamba popote katiba iliposema "ikiwemo" haikufunga orodha. Hao wapiga kura zaidi ya milioni sita hawakupitisha orodha iliyofungwa. Mlango uliachwa wazi kwa maandishi, hata kama wengi wetu tuliopita pale hatukuuona.

Makelele yaliyofuata mnayakumbuka. Sitayarudia, hayakuwa na mengi ya kufundisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma 259 kama mtu anayesoma wosia wa babu yake baada ya miaka kumi na kidogo. Inaamuru katiba ifasiriwe kwa namna itakayokuza makusudi na maadili yake, itakayoendeleza haki za watu, itakayoruhusu sheria kukua. Halafu inasema kila sharti lisomwe kwa kanuni kwamba sheria inanena daima. Iite vyovyote utakavyo, lakini hayo si maneno ya majaji wanaharakati wa Nairobi. Yamo ndani ya kitabu. Yalipigiwa kura kijani ile ile. Kwa hiyo anayesema tuifuate nia ya waandishi hana budi kuifuata na nia yao hii pia, kwamba tusiwafuate wao mno.

Na waandishi walikuwa na sababu. Mwaka 1969, katika kesi ya El Mann, mahakama ilisema katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote iliyotungwa na Bunge, neno kwa neno, maana yake ya kawaida, basi. Ilisikika kama unyenyekevu. Matunda yake tuliyaona. Kufikia 1989 Mahakama Kuu iliweza kusema kwamba sura nzima ya haki za binadamu haitekelezeki, kwa sababu katiba ilimtaka Jaji Mkuu atunge kanuni za namna ya kuzidai haki hizo, na hakuna Jaji Mkuu aliyekuwa amezitunga. Fikiria hilo polepole. Miaka ishirini na sita tangu uhuru, watu wanakamatwa usiku, na mlango wa mahakama umefungwa kwa kuwa aliyetakiwa kutengeneza ufunguo hakuutengeneza.

Sasa fungua katiba ya 2010, ibara ya 22, fungu la 4. Inasema kukosekana kwa kanuni hizo hakumzuii mtu yeyote kwenda mahakamani. Kijana aliyezaliwa juzi akiisoma ataona ni sentensi ya kiofisi, kavu, haina maana kubwa. Ni kovu lile. Kila ukipapasa katiba yetu utakutana na makovu ya namna hiyo: hapa ni 1982 walipoifanya nchi ya chama kimoja, pale ni 1988 walipowaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, kule ni majimbo na Seneti vilivyofutwa miaka ya sitini wakati wino wa Lancaster, London, ilikojadiliwa katiba ya uhuru, haujakauka sawasawa.

Huo ndio utumizi wa historia ninaouamini. Historia inaniambia kidonda kilikuwa wapi. Nikijua kidonda, naelewa kwa nini bandeji ni kubwa hivyo. Haiwezi kuniambia kwamba bandeji isitumike kwenye kidonda kingine kinachofanana. Majaji watano wa Mahakama Kuu walipoisimamisha BBI Mei 2021, waliitumia historia hivyo, wakirudi kwenye miaka ya katiba kukatwa viraka na watawala, ili kusema kuna nguzo zisizoweza kung'olewa ila kwa njia ndefu ile ile iliyozisimamisha. Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa hiyo hoja ya nguzo, ingawa BBI yenyewe, waliyoiita reggae, ilibaki imesimama kwa sababu nyingine, moja ikiwa kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia waliyopewa raia. Mimi bado naona majaji wale watano waliisoma nchi vizuri zaidi ya walivyoisoma katiba. Wanaojua sheria wananiambia ninyamazie hapo.

Na huo mfano wa kidonda sikuutoa kichwani mwangu. Nimeupata Ng'ombeni.

Mwishoni mwa Juni 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya mirathi iliyotoka huku kwetu Pwani. Baba Mwislamu kafariki, ameacha watoto waliozaliwa ndani ya ndoa na watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mahakama ikasema hao wa nje nao watarithi, na kwamba ibara ya 24 fungu la 4 haiwezi kutumika kuwanyima. Siku ya pili yake simu ikalia. Maalim. Namba yangu aliipata kwa mtoto wa dada yake, lakini sauti niliijua kabla hajajitaja.

"Ulituambia haitaguswa."

Jumamosi nikavuka feri. Shikamoo, marahaba, kahawa, tende. Mwembe umekatwa, pamejengwa maduka mawili na kinyozi. Maalim amezeeka, goti linamsumbua, ila madrasa bado anasomesha. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumtetea, kwa kweli. Nilikuwa na kile kijitabu cha 2010, jalada limetoka, kurasa zina madoa ya chai, na nilikusudia kumwonyesha kwamba hakusikia vibaya, kwamba tuliahidiwa sote na mahakama imetuhini sote. Nikafungua ukurasa. Nikaanza kumsomea kama nilivyomsomea siku ile, na sentensi ikanikwama katikati.

Kulikuwa na maneno pale. Masharti ya usawa, inasema, yatawekewa mpaka kwa kiasi tu kinacholazimika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za Kadhi. Kwa kiasi tu kinacholazimika. Maneno matatu kwa Kiingereza ukitoa viunganishi. Yalikuwepo Julai ile, wino ule ule. Sikuyaficha kwa kusudi, naapa. Nilikuwa nafasiri kwa haraka, jua limekwisha kupita utosini, nataka sentensi iliyonyooka, na maneno yale yalikuwa yanaipinda. Nikayaruka.

Nikamwambia. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa kimya, akazungusha kikombe.

"Sisi tunapofasiri," akasema, "kuna sababu za kushuka kwa aya. Unazisoma. Ukizipuuza utapotea, utaiweka aya mahali si pake. Lakini wanavyuoni wengi wanakwambia hukumu inafuata uenezi wa maneno, haifungwi na sababu iliyoyashusha. Kama aya imeshuka kwa ajili ya mtu mmoja Madina, haiishii kwa mtu yule."

Nikasema, kumbe maalim unakubaliana nao.

"Nakubaliana na nani? Sijasema maneno yanaenea bila mpaka. Na aya haikuteremshwa na wabunge Naivasha." Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. "Mimi sikatai mtoto apewe chakula. Dini yetu ina wasia, ina hiba, baba angeweza kuwaandikia akiwa hai, mpaka theluthi. Ninachouliza ni nani kaingia nyumbani kwangu kunipimia."

Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Nilimwambia kwamba mtoto hakuchagua siku ya kuzaliwa kwake, na kwamba nikiisoma ibara yote, na maneno yale niliyoyaruka yamo, siwezi kusema majaji wamezua. Aliniambia kwamba watu wa hapa walikubali kuingia Kenya kwa maelewano, kwamba kabla ya uhuru, 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Shamte, waliandikiana kuhusu ule ukanda wa Pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Kadhi alikuwa ndani ya maelewano hayo, na kwamba ahadi ikishafasiriwa na mmoja wa walioahidiana peke yake haijui tena iitwe nini. Hilo nalo ni historia, na ni kidonda. Sikuwa na jibu la haraka. Nilichogundua ni kwamba kwa mama wa mahamri nililia mahakama imekuwa na woga, na kwa maalim nilikuwa nakaribia kulia imekuwa na ujasiri, na katika mara zote mbili kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwahidi mtu kitu ambacho hakikuwa changu kukiahidi.

Mama yule nilimuulizia. Amehamia kwa mwanawe Mtwapa, haoni vizuri siku hizi.

Maalim akavaa miwani, akanisukumia kijitabu.

"Isome tena, fungu lote. Kiingereza chako kwanza, halafu Kiswahili. Na usiruke."

Nikasoma. Watoto wa madrasa walikuwa wameanza kuingia uani, viatu vinaanguka mlangoni kimoja kimoja. Nilipofika pale pa "kwa kiasi tu kinacholazimika", maalim aliinua kidole, kama anavyomsimamisha mwanafunzi aliyekosea irabu.

"Hapo," akasema. "Kinacholazimika kwa nani?"